Jinsi ya Kujenga Kazi ya Hip Hop Australia: Kutoka Wimbo wa Kwanza Hadi Ziara

Hilltop Hoods, kundi la hip hop, walianza kuchana Adelaide katika miaka ya 1990. Albamu iliyowafungulia milango, The Calling, ilitoka mwaka 2003. Miaka mitatu baadaye The Hard Road ikaingia moja kwa moja namba 1 kwenye chati ya ARIA, chati rasmi ya muziki ya Australia, na ikawa albamu ya kwanza ya hip hop ya Australia kufika hapo. Yaani zaidi ya miaka 10 ya shoo ndogo na studio za kuunga-unga kabla nchi nzima haijasikia.

Anayeingia kwenye kazi hii apige hesabu ya namna hiyo. Australia ina watu wapatao milioni 27 tu, na miji yake mikubwa imetengana kwa mamia, wakati mwingine maelfu ya kilomita. Mapato ya rapa huja kama vijito vidogo vingi: redio, shoo, mirabaha ya utunzi, mirabaha ya rekodi, ruzuku. Kila kijito kina mlango wake wa kujisajili, na usipobisha hodi hakuna atakayekuletea fedha zako nyumbani. Wengi wenye vipaji hukwama hapo, wala si kwenye mistari.

Lafudhi yako ndiyo chombo cha kwanza

Ubishi wa zamani kabisa katika hip hop ya Australia ni huu: uchane kwa lafudhi ya nani? Marapa wengi wa mwanzo waliiga Wamarekani. Def Wish Cast kutoka magharibi ya Sydney walisimama na lafudhi yao wenyewe mapema, na albamu yao ya 1993 bado inatajwa kama nguzo. Tangu hapo wasikilizaji wa huko wana sikio kali: ukiigiza lafudhi ya Atlanta watakujua kabla kiitikio hakijafika.

Si suala la heshima peke yake, ni suala la vina pia. Kiingereza cha Australia hakitamki r iliyo mwisho wa silabi, kwa hiyo sauce na source husikika sawa kabisa, na court hufanya kina safi na caught. Kwa Wamarekani wengi maneno hayo hayafanyi kina. Ukiandika mistari kwa sikio la Australia kisha ukaichana kwa lafudhi ya kuazima, vina vinavunjika katikati na hujui kwa nini ubeti umelegea. Soma ubeti wako kwa sauti ya mazungumzo, bila biti, ujirekodi kwenye simu. Neno lolote linalobadilika matamshi unapoingia kwenye biti lina walakini: libadilishe, au rudi kulitamka unavyolitamka ukiwa jikoni.

Wenye lugha nyingine nyumbani wasiifiche. Baker Boy anachana kwa Kiyolngu Matha na Kiingereza, na albamu yake Gela ilishinda tuzo ya ARIA ya Albamu ya Mwaka 2022. Sampa the Great, mzaliwa wa Zambia aliyejijenga kimuziki Australia, alinyakua Australian Music Prize mara mbili, na Kibemba kimo kwenye nyimbo zake. Genesis Owusu alizaliwa Ghana akakulia Canberra; Tkay Maidza alizaliwa Harare akakulia Adelaide. Mlango uko wazi, mradi lugha unayoingiza uwe unaijua kweli.

Jambo moja halina mzaha. Lugha, hadithi na ala za watu wa asili wa Australia zina wenyewe. Usichukue sauti ya yidaki (didgeridoo, ala yao ya kupuliza) kutoka kwenye mkusanyiko wa sauti za mtandaoni ukaibandika kwenye biti ili wimbo usikike wa Kiaustralia. Zungumza na jamii husika, pata ruhusa, kubalianeni malipo na namna ya kuwataja. Creative Australia, shirika la sanaa la serikali, imechapisha mwongozo wa taratibu hizi. Usome kabla ya kuingia studio. Baada ya wimbo kutoka, msamaha hauzibi ufa.

Kuandika na kurekodi

Anza na nyimbo tatu zilizokamilika badala ya albamu ya nyimbo 14 zisizoiva. Ubeti wa kawaida una mizani 16 (bars) ya mapigo manne kila moja, yaani mapigo 64. Kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika hiyo ni kama sekunde 43. Kwenye biti ya drill, mtindo mmojawapo wa rap, yenye mapigo 140 ni kama sekunde 27. Tofauti hiyo huwachanganya wengi: ubeti ulioandikiwa biti ya pole ukihamishiwa drill unakosa pumzi. Weka alama ya mahali pa kuvuta pumzi kwenye karatasi, angalau moja kila mizani miwili, na ufanye mazoezi ukiwa umesimama, maana jukwaani hutakaa kitini.

Chumba kina uzito kuliko bei ya maikrofoni. Kabati lililojaa nguo, au kona iliyozungukwa na magodoro, hushinda sebule ya vigae yenye maikrofoni ghali. Simama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, weka kichujio cha kuzuia mlipuko wa p na b, na rekodi kwa ubora wa 24-bit na kilohezi 48. Vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Ukivuka sifuri sauti inapasuka, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Rekodi sauti kuu mara tatu. Chagua iliyo bora, kisha rekodi safu ya pili inayokazia maneno ya mwisho wa mistari tu. Kosa la kawaida ni kurudufu ubeti mzima: maneno yanafifia na rapa anasikika kama yuko ndani ya bomba. Vikolezo vya pembeni (ad-libs) viwekwe mwisho kabisa, kushoto na kulia, kwa sauti ya chini.

Fundi anayemalizia sauti akupe faili nne: toleo kamili, toleo safi lisilo na matusi, biti peke yake, na biti yenye viitikio kwa ajili ya jukwaani. Ukizisahau siku hiyo utazilipia baadaye. Kwenye toleo safi neno lizimwe au ligeuzwe nyuma-mbele. Mlio wa "piii" wa kuziba neno huua wimbo.

Karatasi kabla ya kuachia wimbo

Usiku uleule wimbo unapokamilika, kabla watu hawajatawanyika, andikeni nani ana asilimia ngapi ya utunzi. Ukurasa mmoja unatosha: jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya watunzi, asilimia, saini. Jumla iwe 100, si 110. Mgawanyo wa kawaida ni nusu kwa aliyetengeneza biti na nusu kwa walioandika maneno, lakini hakuna sheria inayolazimisha hivyo. Mwimbaji wa kiitikio aliyeandika maneno ya kiitikio hicho ni mtunzi. Aliyeimba alichoandikiwa si mtunzi, ila ana haki kwenye rekodi. Wanaochanganya hayo mawili huishia kugombana siku wimbo unapoanza kuingiza fedha.

Sasa jisajili, na ujue kila taasisi inalipa nini.

APRA AMCOS inalipa watunzi: wimbo unapopigwa redioni, kwenye televisheni, ukumbini, au unaposikilizwa mtandaoni. Mtunzi hujiunga na APRA bila ada. Ingiza kila wimbo na asilimia zake, na majina yafanane herufi kwa herufi na yale ya watunzi wenzako. Madai yakipita 100, malipo yanasimamishwa mpaka mpatane. Kisha kuna kitu ambacho marapa wengi hukiacha mezani: taarifa ya shoo. Ukichana nyimbo zako mwenyewe kwenye ukumbi wenye leseni, unaandikisha shoo hiyo pamoja na orodha ya nyimbo, na unalipwa mrabaha wa utunzi juu ya malipo ya ukumbi. Hata ulipokuwa wa kwanza kupanda, saa moja usiku, mbele ya watu 20. Andikisha kila shoo wiki ileile. Ukingoja mwisho wa mwaka nusu utakuwa umezisahau.

PPCA inalipa kwa ajili ya rekodi yenyewe: wenye rekodi na wasanii wanaosikika humo. Kama hakuna lebo na rekodi ni mali yako, jisajili pande zote mbili, kama mwenye rekodi na kama msanii. Ukijisajili upande mmoja unapata nusu ya haki yako. Usitegemee utajiri hapa: Sheria ya Hakimiliki ya 1968 inaweka ukomo kwamba redio za biashara haziwezi kutozwa zaidi ya asilimia 1 ya mapato yao kwa matumizi ya rekodi. Wasanii wamepigania ukomo huo uondolewe kwa miaka mingi, na wana haki ya kuupigania.

Msambazaji wa mtandaoni huweka wimbo kwenye majukwaa na kuupa msimbo wa ISRC, wenye herufi na tarakimu 12. Uandike msimbo huo mahali salama. PPCA na redio watauomba. Ukihamia msambazaji mwingine, beba ISRC ileile, la sivyo idadi ya wasikilizaji wako inaanza upya kutoka sifuri.

Biti za kununua, na sampuli

Biti ya kukodi mtandaoni huwa na ukomo wa idadi ya usikilizwaji, na watu wengine 50 wanaweza kuwa nayo. Linaloharibika mara nyingi ni hili: rapa mwingine anaiandikisha kwenye mfumo wa utambuzi wa YouTube, na video yako inadaiwa kuwa mali yake. Kwa wimbo unaotaka kuupeleka redioni, nunua biti kwa haki pekee au fanya kazi na prodyuza unayemjua, mkataba mkononi.

Kuhusu sampuli, yaani kipande cha wimbo wa mtu mwingine unachokiingiza kwenye wako, futa kichwani ile hadithi kwamba sekunde chache ni bure. Australia haina msamaha mpana kama wa Marekani. Ina misamaha michache iliyotajwa kwa jina, kama uhakiki, habari, utafiti, na kejeli au tashtiti. Nje ya hapo mahakama huangalia kama ulichochukua ni sehemu muhimu ya kazi, na umuhimu hupimwa kwa ubora zaidi ya urefu. Bendi ya Men at Work waliujua ukali huo mwaka 2010, Mahakama ya Shirikisho ilipoamua kwamba kipande kifupi cha filimbi katika wimbo wao mashuhuri kilitoka kwenye Kookaburra, wimbo wa watoto wa miaka ya 1930. Waliamriwa kulipa asilimia 5 ya mirabaha kuanzia 2002.

Sampuli moja inahitaji ruhusa mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Ukipiga upya sauti hiyo na wanamuziki wako, unabaki na ruhusa moja tu, ya utunzi. Kwa mfuko mdogo, njia hiyo ndiyo ya kufuata. Omba kabla ya kuachia: mwenye mali akishaona wimbo unapendwa, bei inapanda. Arts Law Centre of Australia husaidia wasanii kwa ushauri wa kisheria wa namna hii.

Redio bado ina nguvu huko

Kwa nchi ya ukubwa huo inashangaza jinsi kituo kimoja cha umma kinavyoweza kubadilisha maisha ya rapa. Triple j, kituo cha vijana cha ABC, shirika la utangazaji la umma, kinasikika taifa zima, na kina mlango wa wasiojulikana uitwao triple j Unearthed. Unafungua ukurasa bure, unapakia nyimbo, na wapangaji wa vipindi wanasikiliza humo. The Kid LAROI, kijana wa Sydney, alifika fainali ya shindano la Unearthed la shule za sekondari mwaka 2018. Mwaka 2021 alikuwa namba 1 Marekani pamoja na Justin Bieber.

Pakia wimbo mmoja ulio bora kabisa, usipakie sita. Picha iwe kubwa na ya wazi, wasifu usizidi aya mbili, na utaje mji unaotoka, kwa sababu vituo hupenda kujua wimbo unatoka wapi. Weka alama ya lugha kali pale inapostahili. Wimbo unaochukua sekunde 40 za utangulizi kabla sauti haijaingia una nafasi ndogo. Tengeneza toleo la redio linaloanza ndani ya sekunde 10.

Usiishie hapo. Redio za jamii ndizo zilizolea hip hop ya Australia kabla triple j haijaipokea vizuri: FBi ya Sydney, 3RRR na PBS za Melbourne, 4ZZZ ya Brisbane, RTRFM ya Perth, Three D ya Adelaide. Tafuta kipindi cha hip hop, sikiliza matoleo mawili au matatu, kisha mwandikie mtangazaji kwa jina, ukitaja kwa nini wimbo huu unafaa kipindi chake. Amrap nayo husambaza muziki wa Australia kwa redio za jamii nchi nzima.

Ratiba inayofanya kazi: wiki 5 kabla, wimbo uwe kwa msambazaji, wiki 4 kabla, ombi la orodha za majukwaa (Spotify hutaka angalau siku 7, lakini siku 7 ni kujitafutia balaa), wiki 3 kabla, barua kwa redio za jamii, wiki ya wimbo wenyewe, Unearthed na video. Nyimbo hutoka Ijumaa. Kama huna nguvu ya kushindana na majina makubwa siku hiyo, Jumatano si dhambi.

Jukwaa

Seti ya kwanza ni dakika 20: nyimbo tano au sita, maneno machache katikati. Chana juu ya biti yenye viitikio tu. Rapa anayechana juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa anaonekana kama anaigiza, na mashabiki wa Melbourne na Sydney hawasamehi hilo. Mpe fundi wa ukumbi karatasi inayosema: maikrofoni ngapi, di-jei anahitaji meza na umeme wapi, nani anachana wimbo upi. Usiifunike maikrofoni kwa kiganja. Inapiga kelele na maneno yanazama.

Kuhusu fedha, chukua mfano wa makubaliano ya mlangoni. Watu 120 kwa dola 20 ni dola 2,400. Toa dola 300 za fundi na 150 za mlinda mlango, zinabaki 1,950. Ukumbi ukichukua asilimia 20, wewe unapata 1,560. Toa 250 kwa kila msanii wa utangulizi, wawili, na 250 za di-jei: umebaki na dola 810, kabla ya mafuta na malazi. Kiwango hicho cha dola 250 kwa mwanamuziki kwa shoo ndicho ambacho chama cha Musicians Australia kinakipigania kama kima cha chini. Kitaje bila aibu unapoitwa kwenye tamasha linalolipwa na serikali au halmashauri.

Ramani huamua ziara. Sydney hadi Melbourne ni karibu kilomita 880, Melbourne hadi Adelaide kama 730, na Adelaide hadi Perth ni kama 2,700 za barabara ndefu kupita kiasi. Ziara ya kwanza isivuke pembetatu ya mji wako: aliyeko Sydney aende Newcastle na Wollongong, aliyeko Melbourne aende Geelong na Ballarat. Perth nenda kwa ndege, na uende tu ukishaalikwa na mtu mwenye mashabiki huko. Kila Septemba Brisbane ina BIGSOUND, ambako mameneja, lebo na waandaaji hukusanyika. Omba nafasi ukiwa na wimbo unaopigwa redioni tayari.

Wanaochana drill wana kikwazo cha ziada. Maonyesho ya ONEFOUR, kundi la Mount Druitt, magharibi ya Sydney, yalifutwa mfululizo kwa shinikizo la polisi licha ya umaarufu wao. Ukifanya muziki huo, dai malipo ya awali yasiyorudishwa shoo ikifutwa si kwa kosa lako, na kipengele hicho kiandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo kwenye simu haitakusaidia.

Lebo na wanaokusimamia

Obese Records ya Melbourne ililea kizazi kizima, kisha ikafungwa. Hilltop Hoods walianzisha Golden Era, rapa Briggs akaanzisha Bad Apples kwa ajili ya wasanii wa asili. Funzo liko wazi: lebo hupita, rekodi hubaki. Ukisaini, jaribu kutoa leseni ya miaka kadhaa badala ya kuuza rekodi moja kwa moja, na usiunganishe haki za utunzi kwenye mkataba uleule. Meneja achukue asilimia ya mapato halisi. Anayetaka kulipwa mapema ili akusimamie, mkimbie.

Kodi

Pata ABN, namba ya biashara yenye tarakimu 11. Ni bure. Usipoiandika kwenye ankara, anayekulipa analazimika kukata asilimia 47. GST, kodi ya bidhaa na huduma, huanza kudaiwa mapato ya biashara yanapofika dola 75,000 kwa mwaka. Chini ya hapo ni hiari. Anayelipwa binafsi ili atumbuize huhesabiwa kama mwajiriwa kwa ajili ya akiba ya uzeeni, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 12, ingawa ana ABN. Waandaaji wengi hawalijui hilo au wanalipita kimya, kwa hiyo uliza. Wanamuziki pia wanaweza kusawazisha mapato ya mwaka mnono na ya miaka mikavu, ili mwaka mmoja mzuri usimezwe na kodi. Mwenye viza ya masomo akumbuke kwamba shoo za kulipwa zinaingia kwenye ukomo wa saa 48 kwa wiki mbili wakati wa muhula.

Mwaka wa kodi unakwisha tarehe 30 Juni, na anayejazia fomu mwenyewe ana hadi 31 Oktoba. Risiti za mafuta, nyaya, studio na usambazaji zipigwe picha siku zilipotolewa, kwa sababu karatasi ya mashine hufifia kabla Oktoba haijafika.